Urejelezaji wa mota za droni

Urejelezaji wa mota za droni ni kazi ya kutumia tena, kutengeneza au kuchambua mota za umeme zilizotolewa katika droni ndogo (huitwa pia ndege nyuki au ndege zisizo na rubani), ili zisitupwe pamoja na takataka za kawaida. Makala hii inahusu hasa mota za droni za burudani na za kupigia picha, ambazo huanguka mara kwa mara na kuachwa na wenyewe zikiwa bado na sehemu nzima.

Mota hizi ni ndogo. Nyingi zina uzito usiofika gramu 50. Hata hivyo ndani yake mna shaba, alumini, chuma na sumaku za neodimi. Sumaku ndiyo sehemu iliyo ngumu zaidi kupatikana upya, na ndiyo inayopotea kwa urahisi mota inapouzwa kama chuma chakavu. Kwa sababu hiyo utaratibu unaofaa ni kutumia tena kwanza, kutengeneza baada ya hapo, na kuyeyusha mwisho kabisa. Utaratibu huo una uzito zaidi katika maeneo yaliyo mbali na viwanda, kama vile Nyakahanga na sehemu nyingine za wilaya za Karagwe na Kyerwa katika Mkoa wa Kagera, Tanzania.

Aina za mota

Droni ndogo hutumia aina mbili za mota.

Mota zenye brashi hupatikana katika droni za kuchezea za bei nafuu. Zina umbo la silinda nyembamba na waya mbili tu. Hutajwa kwa ukubwa wake: mota ya "8520" ina kipenyo cha milimita 8.5 na urefu wa milimita 20. Brashi zake husuguana na kulika, hivyo maisha yake ni mafupi na kwa kawaida hazitengenezeki.

Mota zisizo na brashi hutumika katika droni za mashindano, za picha na za kazi. Zina waya tatu na huendeshwa na kidhibiti mwendo cha kielektroniki kinachopeleka umeme kwenye koili kwa zamu. Namba yake huonyesha ukubwa wa stata, yaani sehemu ya ndani isiyozunguka: "2207" ina stata ya kipenyo cha milimita 22 na kimo cha milimita 7. Namba nyingine ni KV, ambayo ni idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota isipobeba mzigo. Mota ya KV 2300 ikipewa volti 14.8 huzunguka takriban mara 34,000 kwa dakika.

Muundo na vitu vilivyomo

Mota isiyo na brashi ina sehemu kuu mbili. Stata imetengenezwa kwa bamba nyembamba za chuma chenye silikoni zilizopangwa pamoja, na juu ya meno yake husukwa waya wa shaba uliopakwa vanishi. Rota ni kifuniko cha nje chenye umbo la kengele. Ndani yake sumaku zimebandikwa kwa gundi kuizunguka ringi ya chuma. Muundo wa kawaida una meno 12 na sumaku 14. Zaidi ya hapo kuna shafti ya chuma cha pua au titani, beringi mbili ndogo, na kitako cha alumini.

Sumaku zake ni za mchanganyiko wa neodimi, chuma na boroni. Ziligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wawili waliofanya kazi mbalimbali: Masato Sagawa wa kampuni ya Sumitomo Special Metals nchini Japani, na John Croat wa General Motors nchini Marekani. Madini adimu, hasa neodimi na praseodimi, ni takriban asilimia 30 ya uzito wa sumaku hiyo. Kwa kuwa hupata kutu upesi, hupakwa nikeli au gundi ngumu.

Kiasi kilichomo katika mota moja ni kidogo sana. Mota yenye gramu 5 za sumaku ina takriban gramu 1.5 za madini adimu. Kwa hesabu hiyo mota 1,000 hutoa takriban kilogramu 1.5. Hii ndiyo sababu urejelezaji wa mota hizi haumlipi mtu mmoja mwenye mota nne, bali hutegemea ukusanyaji wa mota nyingi mahali pamoja.

Sababu za kuharibika

Mota nyingi za droni haziharibiki kwa uzee bali kwa kuanguka. Shafti hupinda, kifuniko hubonyea, au sumaku moja hubanduka. Mchanga na vumbi la chuma huvutwa na sumaku na kuingia kati ya rota na stata. Beringi hukauka au hupata kutu baada ya kulowa. Mzigo mkubwa kupita kiasi, kama vile rafadha (propela) kubwa isiyofaa, huunguza vanishi ya waya, na koili hugusana.

Joto pia hudhoofisha sumaku. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, ingawa yako madaraja yanayostahimili 150 na zaidi. Zikifika takriban nyuzi 310 hupoteza usumaku wote.

Mara nyingi droni huachwa kwa sababu ya betri au ubao wa kielektroniki kufa, huku mota zote nne zikiwa nzima.

Kupima mota iliyotumika

Kabla ya kuvunja mota, fundi hupima kama bado inafaa. Betri huondolewa kwanza, kwa sababu betri za lithiamu zinaweza kuwaka zikitobolewa au waya zake zikigusana. Rafadha nayo hufunguliwa ili isimkate mtu mota ikizunguka ghafla.

Hatua za kawaida ni hizi:

1. Kuzungusha rota kwa kidole. Mota nzima huenda kwa vituo vidogo vinavyolingana. Sauti ya kukwaruza huonyesha uchafu au beringi mbovu.
2. Kuitazama shafti inapozunguka. Ikiyumba, imepinda.
3. Kunusa na kutazama koili. Harufu ya kuungua na waya mweusi ni dalili ya koili iliyokufa.
4. Kupima kwa mita kati ya kila jozi ya waya tatu. Vipimo vitatu hulingana na huwa vidogo sana, kwa kawaida chini ya omu moja. Jozi moja isiposoma kitu, waya umekatika.
5. Kupima kati ya waya na mwili wa mota. Mita ikionyesha njia ya umeme, vanishi imeharibika.
6. Kuunganisha waya zote tatu pamoja na kuzungusha tena. Mota nzima huwa nzito kuzungusha, kwa kuwa umeme inaouzalisha huipinga. Ikibaki nyepesi, koili au sumaku zina kasoro.

Kutumia tena

Mota iliyofaulu vipimo hutumika kama kipuri cha droni nyingine ya namba ileile. Droni ya rafadha nne inahitaji mota zinazofanana, hivyo mafundi huziweka kwa makundi ya ukubwa na KV.

Nje ya droni, mota hizi hutumika katika feni ndogo, pampu ndogo za maji, tobo za mkono na vifaa vya kufundishia. Zinafaa sana katika somo la fizikia: mwanafunzi akiifungua mota moja huona sumaku, koili na beringi kwa macho yake, na akiizungusha huku waya mbili zimeunganishwa na taa ndogo ya LED huona kwamba mota na jenereta ni kifaa kimoja kinachofanya kazi kinyume.

Matumizi kama jenereta yana mpaka wake. Namba ya KV huonyesha pia kasi inayohitajika kuzalisha umeme: mota ya KV 1000 lazima izungushwe takriban mara 5,000 kwa dakika ili itoe volti 5. Pangaboi la upepo lililotengenezwa nyumbani halifikii kasi hiyo bila giabox. Mota kubwa za droni za kunyunyizia dawa mashambani, ambazo KV yake ni 100 au pungufu, zinafaa zaidi kwa kazi hiyo. Umeme unaotoka ni wa njia tatu, hivyo hupitishwa kwenye daraja la diodi sita kabla ya kuchaji betri.

Kutengeneza na kusuka upya

Beringi hubadilishwa kwa kuziondoa kwa msukumo wa taratibu na kuweka nyingine zenye namba ileile. Sumaku iliyobanduka hurudishwa kwa gundi ngumu, ikizingatiwa kwamba ncha za kaskazini na kusini lazima zipishane. Sumaku moja ikigeuzwa mota hutetemeka na kupata joto.

Koili iliyoungua inaweza kusukwa upya. Kazi hii inajulikana kwa mafundi wanaosuka mota za pampu na za mashine za kusaga. Fundi huhesabu mizunguko ya waya kwenye kila jino, hupima unene wa waya, na huchora mwelekeo wa kusuka na aina ya muunganiko (nyota au pembetatu) kabla ya kukata chochote. Tofauti ni udogo: nafasi kati ya meno ni ya milimita chache tu, na waya ukikwaruzwa na pembe ya chuma mota huungua siku ya kwanza. Kwa mota ndogo muda unaotumika huweza kuzidi bei ya mota mpya. Hivyo kusuka hufanyika zaidi kwa mota kubwa, kwa mafunzo, au pale ambapo kipuri huchukua wiki nyingi kufika.

Kuvunja na kutenganisha

Mota isiyofaa tena huvunjwa. Skrubu au ringi ndogo iliyo mwisho wa shafti hufunguliwa, kisha kifuniko huvutwa mpaka kiachane na stata. Baada ya hapo vitu hutengwa katika makundi manne: shaba, alumini, chuma, na rota zenye sumaku.

Utenganishaji huo una sababu ya kitaalamu na si bei peke yake. Shaba ikiyeyushwa upya haipotezi ubora wake. Alumini inayoyeyushwa upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuitengeneza kutoka kwenye madini ghafi. Lakini mota nzima ikitupwa katika tanuri la chuma chakavu, shaba huchanganyika na chuma na haiwezi kuondolewa kwa njia ya kawaida. Chuma chenye shaba nyingi hupasuka kinapoviringishwa kikiwa cha moto. Alumini na neodimi huungana na oksijeni na kuishia katika mavi ya chuma. Mota inakuwa imepotea mara mbili: shaba yake imeharibu nondo, na sumaku yake imekuwa taka.

Urejelezaji wa sumaku

Njia bora kwa sumaku isiyovunjika ni kuitumia tena kama sumaku. Sumaku zilizovunjika au kupata kutu hurejelezwa viwandani kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya kikemikali: sumaku huyeyushwa katika asidi na madini adimu hutenganishwa moja moja. Ya pili hutumia hidrojeni. Sumaku ikiwekwa katika gesi ya hidrojeni huinyonya, huvimba na kumong'onyoka kuwa unga, ambao huweza kutengenezewa sumaku mpya bila kupitia hatua zote za kikemikali. Njia hiyo iliendelezwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, na kampuni ya HyProMag ilianzishwa mwaka 2018 ili kuifanya iwe ya kibiashara.

Duniani kote kazi hii bado ni ndogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa madini adimu, urejelezaji wa taka hizo ulikidhi takriban asilimia moja tu ya mahitaji.

Tanzania inahusika na suala hili pia kama nchi yenye madini hayo ardhini. Katika kilima cha Ngualla, Mkoa wa Songwe, kuna mbale kubwa ya neodimi na praseodimi, na leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2023.

Hatari kwa afya

Kuchoma waya ili kupata shaba ni hatari kuu. Moshi wa waya zenye plastiki, hasa ya PVC, hubeba dioksini na chembe za metali ambazo hubaki katika udongo na kuingia katika mayai ya kuku na maziwa ya wanyama wanaolishwa karibu. Mfano unaojulikana sana barani Afrika ni Agbogbloshie mjini Accra, Ghana, ambako vijana walichoma nyaya kwa miaka mingi hadi eneo hilo lilipobomolewa mwaka 2021. Shaba iliyochomwa pia hupata tabaka la oksidi na kununuliwa kwa bei ya chini kuliko shaba iliyomenywa kwa kisu.

Sumaku ndogo ni hatari kwa watoto. Mtoto akimeza mbili au zaidi, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Apelekwe hospitalini mara moja bila kusubiri dalili. Sumaku hizi pia hubana vidole, huvunjika na kurusha vipande vyenye makali, na zinaweza kuvuruga kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Unga wa sumaku ya neodimi huweza kuwaka wenyewe hewani, hivyo haifai kuzisaga au kuzikata kwa mashine.

Sheria

Nchini Tanzania msingi wa sheria ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mwaka 2021 zilitolewa kanuni maalumu za udhibiti na usimamizi wa taka za vifaa vya umeme na kielektroniki, ambazo zinamtaka anayekusanya, kusafirisha au kurejeleza taka hizo kuwa na kibali. Biashara ya vyuma chakavu nayo huhitaji kibali, jambo linalosaidia kuzuia uuzaji wa nyaya za shaba za wizi.

Kusafirisha taka kuvuka mpaka kunasimamiwa na Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ambao Tanzania ni mwanachama wake wote wawili. Tangu tarehe 1 Januari 2025, chini ya Mkataba wa Basel, taka zote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, huhitaji ridhaa ya nchi inayopokea kabla ya kusafirishwa.

Urushaji wa droni zenyewe nchini Tanzania unasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA), kwa kanuni za mwaka 2018.

Afrika Mashariki

Droni ziliingia katika kazi za kawaida za Afrika Mashariki katikati ya miaka ya 2010. Mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilianza kupigwa picha za ramani kwa droni, na mwaka huohuo kampuni ya Zipline ilianza kusafirisha damu kwa droni nchini Rwanda. Mwaka 2018 droni zilijaribiwa kupeleka dawa kisiwa cha Ukerewe, na Oktoba mwaka huo mashindano ya Lake Victoria Challenge yalifanyika Mwanza. Droni ndogo za picha zilienea katika harusi, mikutano na upimaji wa ardhi.

Vituo vya kuchakata taka za kielektroniki ni vichache na viko karibu na miji mikuu. Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda ina kiwanda katika wilaya ya Bugesera, kusini mwa Kigali. Kwa upande wa ubunifu, katika karakana ya Buni mjini Dar es Salaam vijana waliunda printa ya 3D kwa vipuri vya taka za kielektroniki, kama alivyofanya Afate Gnikou mjini Lomé, Togo, mwaka 2013. Printa za aina hiyo hutegemea mota zilizotolewa katika mashine chakavu.

Karagwe na Kyerwa

Nyakahanga ni kata ya Wilaya ya Karagwe, karibu na Kayanga, makao makuu ya wilaya. Inajulikana kwa hospitali yake iliyo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Karagwe. Wilaya ya Kyerwa ilitengwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Wakazi wengi wa wilaya hizi mbili ni wakulima wa ndizi, kahawa na maharage. Kyerwa ina pia machimbo ya bati, metali ambayo ni sehemu kuu ya solda inayounganisha waya za mota na bodi za kielektroniki.

Jiografia ya eneo hili ndiyo inayoamua njia ya urejelezaji. Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Kiwanda cha Bugesera kiko karibu zaidi kwenye ramani, ng'ambo ya mto Kagera, lakini kupeleka taka huko ni kuvuka mpaka wa nchi na kunafuata Mkataba wa Basel. Kubeba mota chache hadi kiwandani kungegharimu zaidi ya thamani yake.

Hata hivyo mota ina sifa moja inayoitofautisha na betri: ikiwa kavu haivuji, haiwaki na haiozi. Mota 1,000 za gramu 30 zina uzito wa kilogramu 30 tu, yaani mzigo wa mtu mmoja. Kwa hiyo fundi, shule au chuo cha ufundi kinaweza kuzihifadhi katika debe lenye mfuniko, mbali na watoto na unyevu, kwa miaka kadhaa mpaka zitoshe kukabidhiwa kwa mkusanyaji mwenye kibali. Shaba na alumini zikishatengwa zinaweza kuuzwa mapema kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Rota zenye sumaku ndizo za kubakiza.

Katika mazingira hayo, karakana ya kawaida ya kusuka mota ndiyo kituo cha kwanza cha urejelezaji. Mita, hausi ya kuchomelea na ujuzi wa koili unaotumika kwa mota za pampu za maji na mashine za kukoboa kahawa hutosha kupima mota ya droni na kuamua kama itaruka tena, itafundishia, au itavunjwa.

Tazama pia

Droni
Mota ya umeme
Neodimi
Shaba
Taka za kielektroniki
Wilaya ya Karagwe
Wilaya ya Kyerwa